Antivairasi ikikukatalia duka la mtandaoni, umwamini nani?

Siku hizi maswali ya manunuzi ya mtandaoni yananijia mengi kuliko hata ya simu kupasuka kioo, na mengi yanatoka huku huku kwetu nyanda za juu, kuanzia Tunduma mpaka Iringa, nadhani kwa sababu vitu tunavitaka ila maduka yenyewe yako Dar au China. Leo nimechukua 4. La kwanza nimelijibu kwa kirefu maana mwenyewe hela anayo mkononi na muuzaji anamsubiri.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mimi ni mshonaji hapa Mwanjelwa, nina cherehani 3 na wasichana 2 wananisaidia. Nimepata websaiti inauza mashine ya ovaloki, bei yake ni karibu nusu ya ile niliyoambiwa Kariakoo, na wanasema wanaleta mpaka Mbeya kwa basi. Sasa kila nikiifungua kwenye laptopu ya mdogo wangu antivairasi inaleta ukurasa mwekundu mzima, inasema tovuti hii ni hatari, ila nikifungua kwenye simu yangu inafunguka vizuri tu haina neno. Nikamwandikia muuzaji WhatsApp akaniambia dada hiyo antivairasi inazingua tu, izime dakika 5 ufanye oda halafu uiwashe. Mdogo wangu nae anasema antivairasi huwa zinatishia watu ili wanunue toleo la kulipia. Nina laki 6 na nusu, ni hela ya mchezo nimepokea juzi. Nimwamini nani? (Mshonaji, Mwanjelwa, Mbeya)

JIBU: Dada, hela usitume. Iache hapo hapo ilipo, na nakuomba sana antivairasi usiizime hata hizo dakika 5.

Sababu yangu ya kwanza wala sio ule wekundu, ni lile jibu la muuzaji. Mtu mwenye duka la kweli ukimwambia duka lako linaonekana hatari anashtuka, anakuuliza imeandika nini, anaomba picha, anampigia aliyemtengenezea websaiti, maana kila anayekutana na ukurasa ule ni mteja anayegeuza. Huyu hakuuliza hata neno moja. Jibu alikuwa nalo tayari, zima, fanya oda, washa, na jibu la namna hiyo huwa nalo mtu aliyeshaulizwa hivo mara nyingi. Ni kama mtu anakuja kukuuzia mbuzi saa 5 usiku halafu anakwambia kwanza mfungie mbwa ndani.

Sasa tuje kwenye onyo lenyewe. Antivairasi haimjui muuzaji wala haijui kama hiyo ovaloki ipo au haipo. Inachofanya ni vitu vichache tu, inalinganisha anwani unayofungua na orodha ya anwani zilizosharipotiwa, inachungulia kodi za ukurasa (sio kodi ya serikali, ni yale maandishi ya kompyuta yanayoujenga ukurasa) kama kuna kitu kinachojipakua chenyewe au kinachonakili unachoandika, inaangalia cheti cha usalama cha tovuti, na baadhi zinaangalia pia hilo jina la tovuti lina umri gani. Kwa hiyo mwambie mdogo wako afungue tena ile tovuti ila asipite mbele, asome yale maandishi madogo yaliyo chini ya wekundu, hapo ndo kuna habari, watu wengi wanaona rangi wanafunga bila kusoma. Ikiandika ni ya udanganyifu au ya kuiba taarifa, maana yake imeshaonekana inajifanya kitu ambacho sio, hapo hakuna mjadala, toka. Ikiandika tovuti mpya, haijulikani, sifa yake ni ndogo, hilo ni onyo jepesi, hata duka la mtu mwaminifu lililofunguliwa mwezi uliopita linaweza kulipata, hapo unapunguza mwendo unachunguza. Na ikiandika vairasi au programu hasidi inawezekana mwenye duka ni mtu safi kabisa ila tovuti yake imeingiliwa na yeye hana habari, na bado unatoka.

Hili la kuingiliwa watu hawalielewi nataka nilikazie kidogo. Mwaka 2018 liliwapata British Airways, shirika la ndege la Uingereza, sio kiduka cha uchochoroni. Wezi walipenyeza vijistari vichache vya kodi kwenye ukurasa wa malipo, basi kwa muda wa kama wiki 2 mtu akiandika namba za kadi yake zinaenda kwa shirika kama kawaida na nakala inaenda kwa wezi, tiketi anapata, safari anasafiri, kadi yake imeshaibwa. Mwaka 2020 shirika likapigwa faini ya pauni milioni 20. Kwa hiyo mtu akikwambia huyu muuzaji namfahamu ni mwaminifu, sawa, ila uaminifu wa muuzaji na usalama wa tovuti yake sio kitu kimoja.

Kwa nini simu haikusema kitu? Kwa sababu simu yako haina ile antivairasi ya laptopu. Kila kampuni ina orodha yake, Google wana ya kwao ambayo Chrome inaitumia, Microsoft wana ya kwao, kampuni za antivairasi nazo zina za kwao, na anwani mbaya inaweza ikaingia kwenye orodha moja leo na nyingine ikachelewa. Matapeli wanalijua hilo ndo maana tovuti zao nyingi haziishi muda mrefu, ikishaingia kwenye orodha wanaitupa wanafungua nyingine yenye sura ile ile. Na kama hiyo linki uliibonyeza ndani ya Instagram au Facebook ikafungukia humo humo, jua hukutumia brauza yako ya kawaida, na yale maonyo uliyozoea unaweza usiyaone. Simu kukaa kimya haina maana kwamba imekagua ikaridhika.

Kuhusu mdogo wako, hajakosea kote. Antivairasi za bure kweli zinasumbua watu walipie, kila siku kidirisha kona ya chini, na kampuni zenyewe sio malaika, mwaka 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani iliibana Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wake walikuwa wanatembelea, watu walioweka ile programu ili iwalinde. Mimi pia lilinikera. Lakini onyo linalokwambia ondoka na onyo linalokwambia lipa ni vitu 2 tofauti kabisa. Ule ukurasa mwekundu haukukuomba hela, ulikuomba utoke. Anayeomba hela ni muuzaji.

Sasa na upande wa pili, ambao kwangu mimi ni mzito zaidi. Hata ule wekundu usingetokea bado ningekwambia usitume kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilinunua chaja ya laptopu kwenye tovuti moja, sitaitaja, antivairasi haikusema kitu, kikufuli kilikuwepo juu pale kwenye anwani, picha nzuri, maoni ya wateja nyota 5. Nikatuma elfu 85. Nikaambiwa mzigo umepakiwa basi la usiku, nikaenda stendi saa 12 asubuhi na baridi ile ya Julai, nikasimama dirisha la mizigo nimeshika karatasi ya namba niliyopewa, yule kijana akaitazama akaniambia kaka hizi sio namba zetu, sisi risiti zetu ziko hivi, akanionyesha kitabu. Simu ya muuzaji ikawa haipatikani mpaka leo. Wala hakukuwa na vairasi, tovuti ilikuwa safi kabisa, mwizi alikuwa mtu. Na kile kikufuli kinasema tu kwamba mazungumzo yako na tovuti yamefungwa mtu wa katikati asiyasome, hakisemi upande wa pili amekaa nani, na cheti chake siku hizi kinapatikana bure ndani ya dakika chache, tapeli anacho na benki inacho. Google wenyewe mwaka 2023 walikitoa kile kikufuli kwenye Chrome ya kompyuta kwa sababu watu walikuwa wanakisoma vibaya.

Kwa hiyo fanya hivi. Nakili anwani ya hiyo tovuti ukaibandike kwenye tovuti inaitwa VirusTotal, ni bure, inaipitisha kwenye vikaguzi zaidi ya 70 kwa mpigo. Kikilalamika kimoja kati ya hivyo vyote inaweza ikawa makosa tu, wakilalamika 8 au 10 hapo acha kujadiliana na nafsi yako. Bandika anwani ya mbele tu ya duka, usibandike linki ambayo umeshaingia na akaunti yako. Kisha angalia jina la tovuti limesajiliwa lini, kwa majina ya .com kuna huduma ya bure ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti, inakuonyesha tarehe, duka linalosema lina uzoefu wa miaka 10 halafu jina limesajiliwa wiki 3 zilizopita unajua umekutana na nini. Na soma anwani yenyewe herufi kwa herufi, jina la kweli ni lile linalokaa mwisho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, ile miwili ya https:// usiihesabu, yanayotangulia kushoto mtu anaweza akaandika chochote anachotaka, hata jina la benki yako.

Halafu mwambie huyo muuzaji akupigie video sasa hivi, mashine iwe inashona, na kando yake karatasi imeandikwa jina lako na tarehe ya leo. Mwambie utalipa mzigo ukifika ofisi ya basi hapa Mbeya na umefungua boksi. Kama unaye ndugu Dar mwambie aende dukani kwao. Akikupa namba ya kulipia, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, duka linaitwa hivi halafu linatokea jina la mtu mwingine kabisa, unasitisha. Nina hakika kubwa atakuwa mkali au atapotea. Hela ya mchezo dada, umeisubiri zamu yako mwaka mzima pengine, siwezi kukwambia jaribu uone. Nitumie picha ya yale maandishi madogo tuyasome wote.

SWALI: Kaka mambo vipi. Nina kompyuta ya mezani ya mtumba, iko stoo ya pembejeo. Kila duka la mtandaoni ninaloingia inasema muunganisho sio salama, hata Google yenyewe. Fundi ameniwekea antivairasi 2 lakini wapi. Nataka pampu ya kupulizia miparachichi. Ina maana tovuti zote hizi ni mbovu? (Mkulima, Makambako)

JIBU: Poa kaka. Onyo likitoka kwa kila tovuti mpaka Google, ubovu haupo kwenye tovuti, upo mezani kwako. Angalia kona ya chini kulia ya skrini, tarehe. Naona kabisa utakuta ni mwaka 2009 au kitu kama hicho. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, sasa kompyuta inayodhani tuko 2009 ikiona cheti cha mwaka huu inasema hiki bado hakijaanza, inakataa. Rekebisha tarehe kwanza uone. Ikirudi nyuma tena kila ukichomoa waya ukutani, ndani kuna kabetri ka duara kama sarafu kameandikwa CR2032, kameisha, kanauzwa kwa wauza saa na kanabadilishwa dakika 5, sio kazi ya kulipia laki.

Hizo antivairasi 2 ziondoe zote. Zikiwa 2 zinagombana, na kama zimewekwa kwa krako hapo ndo umeingiza mgeni mbaya kuliko aliyekuwa nje, antivairasi ya kuibwa huwezi jua imeongezwa nini ndani. Windows 10 na 11 zina Defender yake ndani, bure, inatosha. Kama ni Windows 7 hapo tatizo ni lingine, Microsoft waliachana nayo Januari 2020 na Chrome nayo ikaacha kuiletea matoleo mapya 2023, mashine hiyo iandikie hesabu za stoo, mambo ya kulipia fanyia kwenye simu. Hata Windows 10 muda wake wa kawaida umeisha Oktoba 14, 2025, kwa hiyo anza kufikiria.

SWALI: Kamwene mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Simu yangu mchana na usiku inalia na kuandika kwamba ina vairasi 13, safisha sasa, na kuna alama ya ngao. Ilianza siku nilipokuwa natafuta masweta ya wajukuu mtandaoni. Juzi nikachoka, nikabonyeza, ikataka nilipie, nikajaza namba za kadi ninayopokelea pensheni. Usiku nikakosa usingizi. Je, nimeharibu? (Mwalimu mstaafu, Kihesa, Iringa)

JIBU: Kamwene, shikamoo mwalimu. Kabla hujaendelea kusoma naomba upige benki, namba iko nyuma ya kadi, sio namba ya kutafuta mtandaoni, waambie umejaza kadi kwenye tovuti usiyoiamini, waifunge wakutengenezee nyingine, na uulize kama kuna muamala umepita ili waupinge. Kufunga kadi hakugusi hela iliyo kwenye akaunti, pensheni yako itaingia kama kawaida. Fanya leo, hata kama hakijakatwa kitu, maana hao hukaa na namba wakasubiri.

Sasa pumua kidogo. Lile halikuwa onyo la antivairasi mwalimu, lilikuwa tangazo limevaa sare ya antivairasi. Siku ile ya masweta kuna tovuti ilikuuliza kama unairuhusu ikutumie arifa, ukabonyeza ruhusu ili uone masweta, watu wote tunafanya hivo tukiwa na haraka, basi kuanzia hapo ikapata mlango wa kukuandikia kwenye skrini saa yoyote. Tovuti haiwezi ikakagua simu yako ikahesabu vairasi 13, hiyo namba imeandikwa tu na kila mtu anaandikiwa hiyo hiyo. Na msidhani ni mambo ya wazee au ya wasiosoma, Marekani mwaka 2019 kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kwa sababu ya programu iliyokuwa inawaonyesha wateja kompyuta zao zina matatizo ambayo hayakuwepo, ili walipie matengenezo, na hao wateja walikuwa wameingia wenyewe dukani kwa miguu.

Kuifunga fungua Chrome, bonyeza vile vitone 3 juu kulia, nenda Mipangilio, halafu Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu, pengine moja ina jina la ajabu ajabu lenye namba namba, hiyo ndo yenyewe, izuie, na zingine zote usizozijua zuia tu hakuna kitakachoharibika. Kama ulipobonyeza ilikupakulia na programu, angalia kwenye orodha ya programu za simu iliyoingia siku hiyo uifute. Mjukuu anaweza kukusaidia ila ukae nae uone anavyofanya, usimwachie simu akaondoka nayo. Na wakianza kukupigia au kukuandikia meseji za kuomba namba ya siri au namba iliyoingia kwenye simu, usiwape, ile namba iliyokuandikia itume 15040 ya TCRA, hiyo ni ya kuripoti matapeli. Kama kuna hela imekatwa pita polisi uchukue RB, benki wanaweza wakaihitaji.

SWALI: Mimi nipo upande wa pili wa maduka. Nauza kahawa ya kusaga mtandaoni, tovuti alinitengenezea kijana kwa WordPress, ule mfumo wa kutengenezea tovuti. Sasa wateja wananiambia inafunguka nyekundu. Sijawahi kumwibia mtu hata gramu. Wanaichafua? (Mwenye kahawa, Mbozi)

JIBU: Sidhani kama wanakuchafua, mara nyingi hapo ni tovuti imeingiliwa kweli, kwa hiyo kwanza iweke chini kwa muda, usipokee malipo, wateja wako ndo wataumia. Muulize huyo kijana muonekano wa tovuti na vile viprogramu vya nyongeza alivinunua au alivitoa kwenye magrupu ya bure, vya bure vya namna hiyo mara nyingi vinakuja na mlango wa nyuma wa kuingilia wezi. Avitoe vyote, aweke safi, WordPress yenyewe aipandishe toleo jipya, abadilishe maneno ya siri yote pamoja na la sava. Halafu aisajili tovuti kwenye Search Console ya Google, pale Google wanakuonyesha ukurasa gani una shida, ukishasafisha unabonyeza kuomba wakague upya, wakiridhika wekundu wao unaondoka. Antivairasi zina fomu zao za kuomba kukaguliwa, kila kampuni na ya kwake, uliza wateja waliona jina gani uanze na hiyo. Ukiomba kabla hujasafisha utarudishwa.

Na wakati unasubiri usimwambie mteja hata mmoja azime antivairasi yake ili anunue, najua msimu ni huu na kahawa imeshasagwa, mwambie apige simu umpakie kwenye basi alipe ikifika. Tovuti ikishapona niandikie, kahawa ya Mbozi naipenda, nitaagiza kilo 2.